Maji Yaliyohama na Wakili

Asubuhi yake ya kwanza kwenye ofisi mpya, wakili aliweka boksi mezani na kuanza kutoa vitu vyake: kikombe chenye mpini uliogandishwa kwa gundi, sweta la kukabili kiyoyozi, stepla, chaja, na picha ya mama yake akiwa amefumba macho, kwa kuwa hiyo ndiyo picha pekee ambayo mama mwenyewe aliikubali. Alivuta kiti, akaketi, akanyoosha miguu chini ya meza. Viatu vikalowa.

Aliinama kutazama. Pale zulia lilipokutana na ukuta, maji yalikuwa yakichipuka sakafuni, taratibu, bila povu wala kelele, kama mtu anayepumua usingizini. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu kabisa, na chini yake kulikuwa na benki, daktari wa meno na duka la miwani. Mama wa usafi aliitwa. Alikuja na tambara, akapiga goti, akachovya kidole na kukionja.

"Haya si ya bomba," alisema. "Wala hakuna aliyeyamwaga. Yanatoka tu. Mimi nitapiga deki hapa kila siku, mama, lakini usije ukasema sikupiga."

Kufikia mchana, maji yalikuwa yamejichimbia njia kwenye zulia, yakapita chini ya mlango na kuushika ujia. Fundi bomba alifungua mabomba yote akayakuta mazima na makavu. Alikunywa glasi moja, akasema tatizo lipo ila si la mabomba, akaondoka. Karani wa masjala alihamishia majalada ya rafu za chini kwenye rafu za juu. Dada wa mapokezi aliandika tangazo, "Tafadhali pandisha suruali," akalibandika mlangoni, kisha akaendelea kupokea simu.

Ofisi ile haikuwa na muda wa kujifunza majina. Kila aliyeingia aliitwa kwa neno la kwanza lililomkamata, na neno likamganda. Wakili huyu mpya akawa Mgeni. Wakili wa chumba cha mwisho, upande wa pili wa ujia, aliitwa Tai, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, hata siku ya michezo ya wafanyakazi alipokimbia na gunia. Mwenye ofisi aliitwa Mkubwa. Hata mkewe akipiga simu aliomba kuongea na Mkubwa.

Mgeni hakuyatia maji yale mdomoni mpaka jioni, wenzake walipokuwa wakifunga kompyuta. Alichota kwa kikombe chake, akanywa. Yalikuwa baridi, yenye ladha ya jiwe, na nyuma ya jiwe ladha ya jani bichi lililopondwa. Akakiweka kikombe chini polepole. Aliyajua maji yale.

Kabla ya hapo alifanya kazi kwa wakili mzee mwenye vyumba viwili juu ya duka la magodoro. Ndiko alikokutana na mteja ambaye kila mtu alimwita Shangazi, maana nusu ya watu wa mlimani kwao alikuwa shangazi yao kweli, na nusu iliyobaki haikuthubutu kumwita vingine. Kampuni moja ya kuuza maji ya chupa ilikuwa imenunua sehemu ya juu ya mlima na kuchimba visima virefu. Visima vya watu wa chini vikaanza kukauka, kimoja baada ya kingine. Shangazi alikuja kwa niaba ya wenzake kufungua kesi.

"Na sasa mnaishi vipi," Mgeni alimuuliza siku ile, "kama visima vyote vimekauka?"

Shangazi aliutazama mlango. Akanyanyuka, akaufunga, akarudi. Akatoa chupa mkobani na kumimina maji kwenye glasi.

"Onja kwanza."

Mgeni akaonja.

"Ipo chemchemi moja nyuma ya zizi la mbuzi, chini ya mwamba," Shangazi alisema. "Ndogo, lakini haijatutupa. Kiwanja si chetu. Mwenyewe anaishi mbali, na akisikia pana maji atamuuzia yeyote mwenye haraka. Hawa wa chupa wakijua, mwanangu, tumekwisha."

"Hilo litabaki kwangu."

"Kwako wapi? Maana ninyi wasomi mna mifuko mingi."

"Kwangu popote nitakapokuwa," Mgeni alijibu, na alimaanisha kila neno.

Lakini mishahara kwa yule mzee ilichelewa mpaka kuchelewa kukawa ndiyo kawaida. Mama yake Mgeni alikuwa ameacha kuuza nguo kwa sababu ya magoti, na mdogo wake alikuwa chuoni. Ofisi kubwa ilipomwita, alikwenda. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiitetea kampuni ya maji ya chupa.

Hakuficha. Siku ya mahojiano alimweleza Mkubwa waziwazi kwamba amewahi kuwa wakili wa upande wa pili na amebeba siri zao. Mkubwa alivua miwani, akamtazama kama mzazi anayetazama ripoti nzuri ya shule.

"Ningekushangaa kama usingesema," alisema. "Hapa kwetu tuna utaratibu. Utakaa mwisho wa ujia upande huu, Tai atakaa mwisho wa upande ule. Jalada la kampuni litakaa kwenye kabati lenye kufuli, na ufunguo hutauona. Hutasema neno juu ya kesi ile, hutaandika, na hakuna atakayekuuliza. Wote tutaweka sahihi."

Wote waliweka sahihi. Na ni kweli kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza. Tai alikuwa mwaminifu kiasi kwamba wakikutana jikoni kwenye birika la chai, alizungumzia mvua tu.

Maji yaliongezeka. Kabla wiki haijaisha, ujia wote ulikuwa kijito, na zulia lilikuwa limeota nyasi laini kwenye kingo. Kando ya kabati la mikataba ya nyumba iliota mimea yenye majani mapana. Samaki wadogo, wenye mwili mwangavu kiasi cha kuonesha miiba, walisimama dhidi ya mkondo mbele ya chumba cha mhasibu. Taa za dari ziliyapiga maji, na mwanga wake ukacheza kutani hata mawingu yalipotanda nje.

Watu walibadilika bila kukubaliana. Mawakili waliozoea kufokeana kwenye simu walishusha sauti. Mhasibu alianza kula chakula chake cha mchana akiwa ameketi ukingoni, miguu ndani, macho yamefumbwa. Mume na mke waliokuja kugawana nyumba na watoto waliombwa wasubiri kidogo. Wakavua viatu, wakatia miguu majini, kisha mke akamwambia dada wa mapokezi kwamba leo wangependa kurudi nyumbani kwanza. Siku moja Mgeni alimkuta Mkubwa mwenyewe amepiga magoti, koti limelowa pembeni, ameweka kiganja ndani ya maji kama mtu anayemshika mtoto mchanga kichwani.

"Nimekaa kwenye jengo hili tangu nikiwa kijana," Mkubwa alisema bila kuinua uso. "Sikujua kama lina kitu cha namna hii."

"Si cha jengo, Mkubwa. Ni cha mteja wangu wa zamani."

"Hebu isiwe kesi ile."

"Ni kesi ile."

Mkubwa alinyanyuka, akajifuta. Alifikiri kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya.

"Umesema neno kwa Tai?"

"Sijasema."

"Umeandika?"

"Sijaandika."

"Kuna mtu amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi utaratibu umefuatwa, Mgeni. Maji hayasemi. Yanapita tu."

Lakini maji yalikuwa yakienda upande mmoja. Yaliuacha mlango wa Mkubwa, yakaiacha masjala, yakauacha mlango wa mhasibu, yakaenda moja kwa moja mpaka chumba cha Tai, na huko yakatulia na kufanya kidimbwi kando ya kabati lenye kufuli. Na kulikuwa na jambo jingine. Ukiinama juu yake, hukuona dari wala taa wala pua yako. Uliona mwamba mkubwa uliopasuka katikati. Uliona zizi lenye mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu, mbuzi watatu wakitafuna, na nyuma yao kilima chenye vichwa viwili kinachoonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Wafanyakazi walipenda sana kuwatazama mbuzi. Dada wa mapokezi aliwapa majina.

Mgeni alifanya alichoweza. Alisukumiza mataulo chini ya mlango wake, maji yakapita juu ya mataulo. Alichota kwa ndoo na kumwaga kwenye sinki, yakarudi yakiwa safi zaidi. Mwisho alivua viatu, akapandisha sketi magotini, akaingia kwenye kijito na kuanza kutembea, akienda na kurudi, akiburuza miguu ili kuivuruga ile picha. Alipopita, mwamba ulivunjika vipandevipande na mbuzi wakawa mistari myeupe. Alipogeuka, nyuma yake vyote vilikuwa vimejiunga tena.

"Mazoezi mazuri hayo," mhasibu alimwambia. "Daktari wangu ananiambia nifanye hivyohivyo."

Alitembea hivyo siku hadi siku, akisoma majalada yake akiwa amesimama majini. Alifikiria kuacha kazi. Kisha alifikiria mdogo wake akisubiri mtihani wa mwisho, na magoti ya mama, akajiambia kwamba kuondoka hakutakausha kitu, maji yamekwisha kufika yalikofika. Akaendelea kutembea.

Halafu alipangiwa kesi ya urithi mahakamani, na hakimu akachelewa. Aliporudi mchana, Tai alikuwa amechuchumaa kando ya kidimbwi pamoja na mtu wa kampuni ya maji ya chupa. Mtu wa kampuni alikuwa na kikombe cha maji mkononi. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali.

"Sijawahi kuona maji haya," alisema. "Mimi nimeyauza maji maisha yangu yote, na sijawahi kuyaona."

Tai alimtazama Mgeni, na kwa mara ya kwanza akalegeza tai yake.

"Sikukuuliza," alisema.

"Hukuniuliza," Mgeni alikubali.

Mtu wa kampuni alitazama kilima chenye vichwa viwili ndani ya maji, kisha akatazama dirishani, kilima kilekile kikiwa kimesimama ng'ambo ya paa za mji. Akaomba kuelekezwa kilipo choo, akanawa uso, akaondoka kwa haraka.

Jumamosi Mgeni alipanda mlimani. Njiani alipanga maneno. Kuhusu mtu wa kampuni hakuwa na ruhusa ya kusema lolote, kwa kuwa sasa huyo alikuwa mteja wa ofisi yake, na siri yake nayo ilikuwa siri. Alichokuwa nacho mwenyewe ni siri aliyopewa na Shangazi. Alimkuta Shangazi akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hiyo ofisi kubwa haina chakula?"

"Shangazi, ile chemchemi imenifuata."

Shangazi hakuacha kuchambua. "Imekufuata wapi?"

"Kazini. Inatoka chini ya meza yangu."

"Huku haijapungua hata tone," Shangazi alisema. Alitupa jiwe dogo pembeni. "Kwa hiyo ziko mbili. Na hiyo yako, wanaiona?"

"Wanaiona. Wanainywa."

"Wanaona na zizi?"

Mgeni aliinamisha kichwa.

"Nilikupa wewe," Shangazi alisema. "Sikuipa ofisi."

"Nilihama, Shangazi."

"Ulihama na sisi tukiwa humohumo mfukoni mwako." Aliuweka ungo chini. Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo lilimuumiza Mgeni zaidi. "Haya, niambie. Mahakamani utatutetea?"

"Siruhusiwi. Niko ofisi ya upande wa pili."

"Basi utawatetea wao."

"Hilo pia siruhusiwi. Nimetengwa."

"Sasa wewe uko wapi, mwanangu?"

Shangazi alitoa simu kwenye fundo la kanga, akampigia mwenye kiwanja. Waliongea juu ya afya, wakaongea juu ya watoto, kisha Shangazi akauliza habari za kiwanja na kusikiliza. Alipokata simu, aliifunga tena kwenye fundo kwa uangalifu.

"Ameuza jana," alisema. "Ananiambia, ungenidokeza mapema, Shangazi, ningewafikiria ninyi kwanza. Hebu niletee yale maji ya kunawa hapo."

Kampuni ilizungusha ukuta kuanzia zizi mpaka mwamba, ikaweka mlinzi na pampu. Kesi ya watu wa mlimani iliendelea kuahirishwa.

Mgeni alijishtaki mwenyewe, pamoja na ofisi yake, kwenye kamati ya maadili ya mawakili. Aliandika malalamiko kwa moyo wote, akiamini kwamba wakiona wataelewa. Wazee wa kamati walikuja. Walivua viatu, wakavua soksi, wakazikunja vizuri ndani ya viatu. Walitembea ndani ya kijito kutoka chumba cha Mgeni mpaka kwa Tai, wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi. Mwenyekiti wao, mtu aliyeogopwa na kila wakili mjini, alikunywa kwa viganja, akaomba aachwe peke yake kidogo.

Uamuzi ulisomwa kwa sauti ya upole. Siri ya mteja, walisema, huvunjwa kwa neno, kwa maandishi au kwa ishara ya wakili. Wakili huyu hakusema, hakuandika, hakuashiria. Alikwenda mbali zaidi, akatembea majini ili kuzuia. Ofisi nayo iliweka utengano wa kupigiwa mfano. Kanuni hazitaji chemchemi. Malalamiko yametupwa, na kamati inatoa pongezi kwa pande zote. Kabla ya kuondoka, waliomba wajaze chupa zao.

Jumatatu iliyofuata, Shangazi alitokea mapokezi akiwa na dumu. Nyuma yake walikuwa majirani zake, kila mmoja na dumu au ndoo, wamejipanga mpaka kwenye ngazi, kwa kuwa mlinzi wa jengo aliwakatalia lifti.

"Mna miadi?" dada wa mapokezi aliuliza.

"Tumekuja kuchota maji yetu," Shangazi alisema.

Dada wa mapokezi alimpigia Mkubwa. Mkubwa alitoka, akawatazama, akaguswa. Akaagiza wapewe vitambulisho vya wageni na wapewe nafasi kila asubuhi kabla ya wateja kufika. Alisema ni jambo dogo ambalo ofisi inaweza kulifanya kwa jamii, na alilisema kwa unyoofu. Watu wa mlimani waliingia. Walipokifikia kijito, soga zikakatika zenyewe. Mama mmoja aliyekuwa akilalamikia ngazi tangu chini aliweka ndoo yake pembeni, akachuchumaa, akaanza kuwasalimia mbuzi.

Mgeni hakuwa na raha kuwaona. Usiku uliotangulia alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi, na asubuhi ile aliiweka mbele ya Mkubwa, akarudi mezani kwake, akaketi na mkoba begani. Hakuweza tena kula mshahara wa mahali pale. Alikuwa kijana, angeanza upya, angekwenda kwa yule mzee wa juu ya duka la magodoro ampigie magoti. Alisogeza kiti, akasimama, akapiga hatua kuelekea mlangoni.

Sauti ya maji ikabadilika. Jioni zote alizokwenda nyumbani, maji yalibaki yakitiririka, kwa sababu yalijua atarudi. Safari hii yalijua harudi. Ujia mzima ulianza kushuka, nyasi zikalala, samaki wakajikusanya kwenye vishimo. Mkondo uliokuwa ukiingia ndani ya dumu la Shangazi ukawa uzi, uzi ukawa matone.

Ndipo Mgeni alipoelewa kwamba kama angeondoka siku ile ya kwanza, maji yangeondoka pamoja naye, na kidimbwi cha Tai kingebaki zulia. Hakuna aliyelijua jambo hilo isipokuwa yeye, na pengine Shangazi, ambaye alikuwa akimtazama toka mlangoni juu ya dumu lililofika nusu.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeacha kazi, Shangazi. Siwezi kukaa na watu hawa."

"Hata mimi siwezi kukaa nao," Shangazi alisema. "Lakini nyumbani nimeacha sufuria tupu."

Nyuma yake foleni ilisimama, madumu mikononi, mpaka kwenye ngazi. Kupitia dirishani kilima kilionekana vizuri, na barabara yake, na malori ya kampuni yakishuka taratibu yakiwa yamejaa.

Mgeni alirudi akaketi.

Maji yalipanda. Yalipanda bila haraka, yakajaza vishimo, yakainua nyasi, yakafika tena kwenye mlango wa Tai, na watu wote waliokuwa kwenye ujia, mawakili kwa wachotaji, walishusha pumzi kwa pamoja. Mkubwa alikuja mlangoni na barua mkononi. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo hakumpa Mgeni kesi yoyote. Kazi yake ikawa kukaa, na mshahara wake haukuchelewa.

Tai alitoka chumbani kwake amepandisha suruali. "Shikamoo Shangazi," alisema, akalishika dumu lililojaa kulisaidia kupanda begani.

"Marahaba. Inua vizuri, usinimwagie."

Shangazi aliondoka akipepesuka kidogo kwa uzito, na maji yakimdondokea mgongoni. Mgeni aliinama kutoka kitini, akanyoosha mkono kupokea ndoo iliyokuwa mbele.

"Aje anayefuata," alisema, na foleni ikasogea.